Sura ya Nne: Wenyeji wa Milima ya Patkai

Tarehe 2 Agosti 1943, ndege ya mizigo ya jeshi la Marekani aina ya C-46 iliruka kutoka uwanja wa Chabua, katika jimbo la Assam, kaskazini-mashariki mwa India. Ilikuwa ikielekea Kunming, nchini China. Ndani yake mlikuwa na watu 21: marubani na wasaidizi wao, wanajeshi wa Marekani, maofisa wa jeshi la China, na raia wachache. Mmoja wa raia hao alikuwa Eric Sevareid, mwandishi wa redio ya CBS, kijana wa miaka 30 ambaye sauti yake ilikuwa tayari inajulikana majumbani Marekani tangu Ufaransa ilipoanguka mwaka 1940. Mwingine alikuwa John Paton Davies, mwanadiplomasia aliyezaliwa China na wazazi wamisionari, mshauri wa Jenerali Joseph Stilwell katika mambo ya siasa. Alikuwamo pia Duncan Lee, ofisa wa idara ya ujasusi ya Marekani, ambaye baadaye ilibainika kwamba alikuwa akiwapelekea Warusi siri za idara hiyohiyo.

Takriban saa moja baada ya kuruka, juu ya milima ya Patkai inayotenganisha India na Burma, injini ya kushoto ilizimika.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama hadithi ya ushujaa wa Wamarekani, na ushujaa ulikuwapo kweli. Lakini kila ninapokirudia naona kwamba kitendo kikubwa kuliko vyote hakikufanyika angani. Kilifanyika chini, kijijini, nacho kilifanywa na watu ambao vitabu vingi vya wakati ule viliwaita washenzi. Ili tukione kitendo hicho vizuri, yatupasa kwanza kujua kwa nini ndege ile ilikuwa pale, na kwa nini haikuweza kutua.

Njia ya angani

Katika nusu ya kwanza ya mwaka 1942 Wajapani waliiteka Burma. Pamoja nayo waliikata barabara iliyokuwa ikipeleka silaha, petroli na vipuri kutoka Burma hadi kusini mwa China. China ilikuwa imepigana na Japani tangu mwaka 1937, na bandari zake zote kubwa zilikuwa mikononi mwa adui. Barabara ilipofungwa, njia iliyobaki ilikuwa angani: kupita juu ya milima, kutoka viwanja vya Assam hadi Kunming, safari ya kilomita 800 hivi. Marubani wa Kimarekani waliiita njia hiyo Nundu.

Jina hilo linaificha hatari yake. Vilele vilivyo kaskazini mwa njia hiyo vilizidi mita 4,500, na Wajapani waliokuwa Burma walizisukuma ndege zipite huko huko, mbali na ndege zao za kivita. Kuanzia Mei hadi Oktoba kulikuwa na masika ya Asia: mawingu mazito kutoka bondeni hadi juu ya vilele, mvua isiyokatika, na barafu iliyoshika kwenye mbawa. Kulikuwa na pepo zilizoweza kuinyanyua au kuishusha ndege mamia ya mita kwa dakika moja. Ramani zilikuwa na mapengo. Vituo vya redio vya kuongoza ndege vilikuwa vichache.

Juu ya hayo yote kulikuwa na haraka. Rais Roosevelt aliiahidi China tani 10,000 za mizigo kwa mwezi, na mwaka 1943 shinikizo la kufikia lengo hilo liliwaangukia marubani, wengi wao wakiwa vijana waliotoka shuleni juzijuzi. Lengo lilifikiwa Desemba mwaka huo, lakini kwa gharama. Hadi vita vinakwisha mwaka 1945, njia hiyo ilikuwa imepitisha tani takriban 650,000, na imemeza karibu ndege 600. Marubani walisema kwamba siku ya jua kali mtu angeweza kuifuata njia kwa kutazama mabati yanayometameta kwenye miteremko.

C-46 iliingia katika njia hiyo mwaka huohuo wa 1943 kama dawa ya tatizo. Ilikuwa ndege kubwa ya injini mbili, yenye mbawa pana kuliko za ndege ya mabomu B-17, na iliweza kubeba mzigo mzito kuliko C-47, ile Dakota iliyozoeleka. Kila injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 2,000. Tatizo ni kwamba ilitumwa vitani kabla haijajaribiwa ikaiva. Kiwanda cha Curtiss kiliagizwa kufanya mabadiliko zaidi ya 700 katika ndege hiyo, mengi yake ikiwa tayari inaruka juu ya milima. Petroli ilivuja kwenye mbawa na mvuke wake ukakusanyika pasipo na tundu la kutokea. Barafu iliziba kabureta. Vipuri vilikuwa haba, na mafundi walifanya kazi nje, chini ya mvua, wakiazima kifaa kutoka ndege moja ili nyingine iweze kuondoka.

Injini moja inapokufa

Ndege ya injini mbili haipotezi nusu tu ya uwezo wake injini moja inapozimika. Injini iliyobaki huivuta ndege upande mmoja, na rubani hana budi kuushikilia usukani wa mkia kwa mguu ili isigeuke. Pangaboi la injini iliyokufa nalo, mapanga yake yasipogeuzwa ili makali yaelekee upepo, huendelea kuzungushwa na hewa na kuwa breki. Zaidi ya hapo, nguvu inayoiwezesha ndege kupanda ni ile ziada inayobaki baada ya ndege kujibeba yenyewe. Ziada hiyo ndiyo inayopotea kwanza. Ndege iliyopakia mzigo mzito, ikiwa katika hewa nyembamba ya milimani, haina ziada hata kidogo. Inaruka, lakini inashuka.

Wafanyakazi wa ndege ile waliigeuza kurudi India. Abiria waliamriwa watupe mizigo nje, na masanduku, mabegi na vifaa vikatokea mlangoni kimoja baada ya kingine. Ndege iliendelea kushuka.

Hapo rubani ana machaguo mawili. La kwanza ni kutua kwa dharura: kutafuta mahali popote palipo tambarare, kuishusha ndege kwa mwendo mdogo iwezekanavyo, hata kwa tumbo bila magurudumu, na kuiacha ijiburuze mpaka isimame. Wengi wamepona hivyo katika mashamba, kwenye fukwe, hata juu ya maji. Lakini kutua kwa dharura kunahitaji mahali pa kutua, na Patkai haina. Ni migongo ya milima iliyopangana, mmoja nyuma ya mwingine, yenye miteremko mikali na misitu minene, na chini ya kila mteremko kuna kijito chenye mawe. Ndege itakayojaribu kutua pale itapiga mti au itapiga mlima.

Chaguo la pili ni parachuti. Abiria wengi hawakuwahi kuruka maishani mwao. Walivaa mikanda kwa kuelekezwa na kuigizana, wakasogea mlangoni, wakajitupa mawinguni wakiwa hawaoni kinachowangoja. Rubani, Harry Neveu, aliruka mwishoni kabisa, ndege ikiwa karibu na miti. Watu 20 walifika ardhini wakiwa hai. Rubani msaidizi, Charles Felix, hakupona, na alizikwa palepale milimani.

Kwa upande wa marubani na mashine, kisa kingeweza kuishia hapa kwa sifa: watu 20 kati ya 21, katika nchi ya namna ile, ni hesabu ya kushangaza. Lakini mtu aliyepona kwa parachuti katikati ya Patkai bado hajaokoka. Yuko ndani ya eneo ambalo Wajapani wanadai ni lao. Hana chakula, hajui njia, na kutoka hapo hadi barabara ya kwanza ni mwendo wa siku nyingi kwa miguu, mwezi wa Agosti, kwenye matope na ruba. Kuanzia dakika ile maisha yake hayamo tena katika uwezo wa jeshi lake. Yamo mikononi mwa wenye nchi.

Ponyo na Pangsha

Wenye nchi walikuwa Wanaga. Ni jina la watu wengi wenye lugha nyingi, wanaoishi katika milima iliyo kati ya bonde la Brahmaputra na mto Chindwin. Vijiji vyao vilijengwa juu ya migongo ya milima, vikizungushiwa boma na miiba, kwa sababu kila kijiji kilikuwa nchi kamili yenye maadui na marafiki wake. Walilima kwa kufyeka na kuchoma, walichonga ngoma kutokana na gogo zima la mti, na walikuwa na desturi ya vita iliyowapa sifa mbaya duniani: shujaa aliyemuua adui alirudi na kichwa chake.

Waliotua kwa parachuti waliangukia karibu na kijiji cha Ponyo, jirani ya Pangsha. Pangsha hakikuwa kijiji cha kawaida kwa Waingereza. Mwaka 1936 watu wake walivamia majirani, wakakata vichwa na kuchukua mateka. Serikali ya kikoloni ikatuma kikosi cha kuadhibu chini ya J. P. Mills, naibu kamishna wa Milima ya Naga. Pamoja naye alikuwa Christoph von Fürer-Haimendorf, mwanaanthropolojia kijana kutoka Austria. Kikosi kilipambana na wapiganaji wa Pangsha, kikakichoma kijiji, kikawakomboa mateka, kikaondoka. Hakikuacha ofisi, wala shule, wala zahanati. Eneo lile lilibaki nje ya utawala wa kila siku. Mwingereza aliyekuwa karibu zaidi alikaa Mokokchung, mbali upande wa magharibi.

Kwa hiyo miaka saba baadaye, watu weupe walipoanza kuning'inia kutoka mawinguni kwenye vitambaa vyeupe, watu wa Ponyo na Pangsha walikuwa na kumbukumbu. Waliwajua watu wa aina hii kwa moto walioutia kwenye nyumba zao. Wageni hawa walikuwa wachache, wengine wameumia, na hawakuwa na silaha za kutosha kujilinda usiku mmoja. Mwendesha redio, Walter Oswalt, alikuwa amevunjika mguu. Kama kungekuwa na siku ya kulipa kisasi, ilikuwa siku hiyo.

Sevareid ameeleza katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa mwaka 1946, jinsi wanaume wenye mikuki na mapanga walivyowajia, naye akainua mkono kwa salamu asiyojua kama itaeleweka. Wanaume wale hawakuwagusa kwa ubaya. Waliwapeleka kijijini, wakawapa nyama na pombe yao ya nafaka.

Najua watakaosema kwamba walikuwa na sababu zao, na ni kweli. Huenda waliukumbuka moto wa 1936 na hawakutaka urudi. Muda si mrefu ndege nyingine ilizunguka juu ya kijiji, kwani kabla ya kuruka mwendesha redio alikuwa ametuma wito wa msaada. Ndege hiyo ikaanza kudondosha vifurushi vya vyakula, nguo na dawa, na kitambaa cha parachuti peke yake kilikuwa mali. Lakini uamuzi wa kwanza ulifanyika kabla ya vifurushi. Na sababu mchanganyiko hazipunguzi tendo. Tunapomsifu rubani aliyeruka mwisho, hatumwulizi kama alifikiria pia medali. Haki hiyohiyo wanastahili wazee wa Ponyo waliokaa chini, wakapima kisasi na ukarimu, wakachagua ukarimu.

Daktari kutoka mawinguni

Jioni ya siku ileile, watu watatu zaidi walishuka kwa parachuti, safari hii kwa hiari yao. Aliyeongoza alikuwa Luteni Kanali Don Flickinger, daktari wa jeshi la anga, pamoja na wasaidizi wake wawili, Richard Passey na William McKenzie. Walijua kwamba chini kuna majeruhi na kwamba wao wenyewe hawatakuwa na njia ya kutoka isipokuwa ileile ya wenzao. Waliruka. Katika vita vile vyote matendo kama hayo ni machache, na kila anayeingia leo katika kazi ya uokoaji angepaswa kuyajua majina hayo matatu.

Flickinger aliwatibu wenzake, kisha akapanga maisha ya kambi. Alitaka wanaume wake wakae kando ya kijiji, wawe na nidhamu, wasiingilie nyumba za watu wala kuwakosea wanawake, na walipe wanachochukua. Wanakijiji nao walianza kuleta wagonjwa wao, na dawa zilizodondoshwa kwa ajili ya Wamarekani zikatibu vidonda vya Wanaga. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mara chache methali imetimia kwa uwazi kama ilivyotimia Patkai mwezi ule.

Wakati huo Philip Adams, mtawala Mwingereza wa wilaya ndogo ya Mokokchung, kijana bado, alikuwa njiani kwa miguu. Alikuja na askari wachache na msafara wa wapagazi Wanaga, akikatiza nchi ambayo vijiji vyake havikuwa vyote na amani naye wala wao kwa wao. Kila hatua ya safari hiyo ilitegemea mashauriano: wakuu wa vijiji rafiki walituma ujumbe mbele, walitoa watu wa kubeba, walitoa dhamana ya usalama. Aliwafikia katikati ya Agosti. Kisha msafara mzima ukageuka kurudi magharibi, mlima juu, mlima chini, kwenye mvua, mizigo na chakula vikiwa mabegani mwa Wanaga. Mwishoni mwa mwezi walionusurika walifika Mokokchung, na kutoka hapo wakashuka hadi tambarare za Assam.

Davies alitunukiwa nishani ya uhuru ya Marekani mwaka 1948 kwa mwenendo wake katika siku zile. Miaka sita baadaye, wakati wa msako wa wakomunisti, serikali yake ilimfukuza kazi. Sevareid na Davies wote wawili walipanda tena ndege baada ya mkasa, wakapita juu ya milima ileile, wakafika China.

Kilichobadilika

Hadi siku ile njia ya Nundu haikuwa na kikosi maalumu cha kuwatafuta walioanguka. Ndege ilipotea, marafiki wakatazama kwa siku mbili tatu, kazi ikaendelea. Kundi lenye watu mashuhuri lilipoanguka na likatolewa likiwa hai, hoja kwamba haiwezekani iliisha. Mwezi wa Oktoba mwaka huohuo Kapteni John Porter alianzisha Chabua kitengo cha kwanza cha uokoaji cha njia hiyo. Porter mwenyewe aliuawa Desemba, akiwa angani akiwatafuta wengine. Kitengo kiliendelea. Inakadiriwa kwamba katika miaka yote ya Nundu watu 1,200 waliokolewa au walirudi kwa miguu yao.

Marubani walipewa kitambaa chenye maandishi ya lugha za huko, kikimwomba anayekisoma amsaidie aliyekivaa na kikiahidi malipo. Walifundishwa jinsi ya kuingia kijijini, jinsi ya kupokea chakula, jinsi ya kungoja. Yaani jeshi lililokuwa na ndege kubwa kuliko zote za mizigo za injini mbili liligundua kwamba usalama wa watu wake unategemea adabu ya mgeni na moyo wa mwenyeji. Idadi ya Wanaga, Wakachin na watu wengine wa milimani waliowaficha, kuwalisha na kuwabeba marubani ni kubwa, na karibu wote hawana jina katika vitabu.

Mwaka 1944 Wajapani waliingia Milima ya Naga kwa nguvu, na vita vya Kohima, kuanzia Aprili hadi Juni, vilipiganwa kwenye matuta ya Wanaga wenyewe. Wanaga walikuwa wapelelezi, waongozaji njia na wabebaji wa majeruhi, na Jenerali William Slim, aliyeliongoza jeshi la Uingereza huko, alikiri wazi deni hilo. Wajapani waliporudishwa nyuma, kikosi kilichopewa kazi ya kuwafukuza katika bonde la Kabaw, kusini mwa milima hiyohiyo, kilikuwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Askari wa King's African Rifles kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, wakipeana amri kwa Kiswahili, walitembea kwenye matope ya Kabaw kuanzia Agosti 1944 hadi wakafika Kalewa mwanzoni mwa Desemba. Chakula na risasi zao vilidondoshwa na ndege za mizigo. Babu zetu hao walizijua ndege hizi kwa mlio wake, na waliijua pia hali ya kuwa mbebaji wa vita ambaye taarifa rasmi humtaja kwa idadi tu.

Wanaga hawakupata malipo makubwa. Waingereza walipoondoka, nchi yao ilibaki imegawanywa na mpaka: upande mmoja India, upande mwingine Burma. Pangsha leo imo katika jimbo la Nagaland, jirani kabisa na mpaka huo, na Ponyo iko ng'ambo. Madai ya Wanaga ya kujitawala yalileta vita vya miongo mingi, vijiji vilichomwa tena, na mwaka 1958 India ilitunga sheria iliyowapa askari wake mamlaka makubwa ya kutumia nguvu katika milima ile. Watu waliowafungulia milango maadui wa jana hawakufunguliwa mlango na marafiki wa kesho.

Ndiyo maana nataka kisa cha C-46 kisomwe kwa ukamilifu wake. Injini iliharibika, na marubani walifanya walichoweza hadi dakika ya mwisho. Daktari aliruka pasipokuwa na lazima ya kuruka, na mtawala kijana akatembea majuma mawili kwenye mvua. Hao wote wana majina, na wanayastahili. Lakini uokoaji huo ungekwisha usiku wa kwanza kama kijiji kimoja kingeamua vingine. Anayeandika historia ya ndege zilizoanguka vitani, iwe Asia au kwetu, ana wajibu wa kuuliza swali moja zaidi baada ya lile la injini: nani aliwapokea, na baadaye walitendewa nini?